Pikipiki ya Watu Wawili: Toka Morogoro Hata Songea

Pikipiki si kitu kigeni tena katika nchi yetu. Katika kila njia panda utaziona zimepangwa, na vijana wamekaa juu yake wakingoja abiria. Lakini pikipiki ya kumfikisha mama sokoni ni jambo moja, na pikipiki ya kuwachukua watu wawili na mizigo yao safari ya siku mbili ni jambo lingine kabisa. Juu ya hiyo ya pili watu huulizana sana na kujibiwa kidogo. Kwa kuwa mimi na mke wangu tulikwenda kwa pikipiki toka Morogoro hata Songea mwezi wa Juni, naona yafaa niwasimulie wasomaji jinsi tulivyoichagua mashine yetu, na jinsi barabara ilivyoipima.

Nitangulize neno moja, ili mtu asije akauza ng'ombe wake kwa sababu ya gazeti. Anayetafuta nafuu ya fedha na apande basi. Nauli za watu wawili ni ndogo kuliko petroli, oili, tairi na kitanda cha njiani. Sisi tulikuwa na sababu nyingine. Mke wangu ni mtu wa Songea, nami nimestaafu ualimu. Miaka thelathini na zaidi tuliipita njia hii katika mabasi, yeye akiwa na mfuko wa plastiki mkononi kwa ajili ya kutapika, na nchi yenyewe tukiiona kwa kipande cha dirisha. Penye hewa hatapiki. Mama yake mkubwa yu hai bado huko Songea, naye ni mzee sana. Basi mwenzangu alitaka aende akamsalimu, afike akiwa mzima, na aione njia yote.

Nyumbani tulikuwa na pikipiki tayari, Bajaj Boxer ya cc 150, ambayo huniletea mahindi na mkaa toka shamba. Ni mashine njema. Vipuri vyake wapata hata katika duka linalouza sukari, na kila fundi chini ya mwembe aijua. Watu wengi waliniambia, “Mwalimu, nenda nayo hiyo hiyo, mbona vijana huzipeleka hata Tunduma?” Ni kweli, huzipeleka. Ila nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Mimi nina kilo 78, mke wangu ana 70, mizigo tuliipima ikawa 22. Jumla ni kilo 170. Mashine yenyewe haifiki kilo 130. Yaani punda angebeba mzigo unaomzidi yeye mwenyewe, tena siku mbili.

Kuna hesabu nyingine ambayo watu wengi hawaifikiri, nayo ni ya hewa. Injini huvuta pumzi kama sisi. Kadiri unavyopanda juu hewa huwa nyepesi, na kwa kila mita 1,000 injini ya kawaida hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Njombe iko juu kiasi cha mita 2,000. Boxer ina nguvu za farasi 12 hivi huku chini; kule juu zitabaki chini ya 10. Farasi kumi kuwavuta watu wawili katika vilima vya Lukumburu! Itafika, sikatai. Lakini itafika kwa gia ya pili, huku basi linapiga honi mgongoni.

Na hapo ndipo penye hatari yenyewe. Pikipiki ndogo haikuui kwa kuharibika, maana ikiharibika utaisukuma kando. Hatari yake ni mwendo usiolingana na wa wenzako. Sheria yaruhusu mabasi na malori makubwa kwenda kilomita 80 kwa saa nje ya vijiji, na wengine huzidisha. Wewe ukienda 55 na mkeo nyuma, kila chombo kitataka kukupita, na kila kinapokupita kwa karibu mtu wa kwanza kukipata ni yule wa nyuma, ambaye hana usukani, hana breki, wala haoni linalokuja mbele.

Baada ya hesabu hizo mke wangu alisema neno ambalo limetuongoza katika mambo yote yaliyofuata. Alisema, “Mwalimu, wewe utaendesha, lakini mimi ndiye nitakayekaa juu ya gurudumu la nyuma siku mbili. Acha nichague mimi.” Wanaume wenzangu, msicheke. Karibu kila mtu anunuaye pikipiki hutazama injini, hutazama rangi, hukaa kiti cha mbele, huvuta moto mara mbili tatu, kisha hutoa fedha. Kiti cha nyuma hukipiga kofi tu. Ikiwa wasafiri ni wawili, kiti cha nyuma ndicho kigumu kukipatia, na cha mbele hujirekebisha chenyewe.

Tulianza kutazama. Kwanza nilipenda pikipiki ya shamba, ile Yamaha AG 200. Zile herufi mbili maana yake ni kilimo. Cheni yake imefunikwa isiingie mchanga, ina stendi kushoto na kulia, na nyuma ina keria kubwa ya chuma. Kwa ofisa kilimo au kwa fundi wa visima sijui kama iko iliyo bora kuliko hiyo. Mke wangu alipanda, akashuka. Akasema, “Hii imetengenezwa kwa mtu na gunia.” Naye alisema kweli, kwa sababu mashine hizo zilibuniwa kwa wafugaji wanaozunguka mashamba yao peke yao.

Wengine wakatusifia mashine kubwa za Ulaya na Marekani. Kijana mmoja alinionyesha katika simu picha ya Honda Gold Wing, yenye silinda sita na injini inayopita cc 1,800. Abiria wake hukaa katika kiti kama cha sebuleni, chenye mahali pa kuegemea mgongo na mikono. Mke wangu aliitazama picha ile muda mrefu kuliko nilivyopenda. Lakini uzito wake unapita kilo 350, hata watengenezaji wameitia gia ya kurudi nyuma kwa kuwa mtu hawezi kuisukuma. Barabara nyembamba ya matope inayokwenda kwa mama yake mkubwa ingeimeza mpaka kwenye magurudumu. Pamoja na hayo, picha ile ilitusaidia, maana ilituonyesha kuwa watu waliozoea safari ndefu humfikiria abiria tangu mashine inapochorwa, si baada ya kuuzwa.

Mwishoni tukapata Honda Transalp ya cc 650, iliyotumika. Transalp si mpya ulimwenguni. Ya kwanza ilitoka mwaka 1987, na hii ya 650 ilianza mwaka 2000. Ina silinda mbili, nguvu za farasi zipatazo 53, tangi linalochukua lita 19 na kitu, na uzito wa karibu kilo 200 kabla ya kutiwa mafuta. Haina mbio za kushangaza, wala si nzuri ya kupiga nayo picha. Ina kiti kirefu, kipana, kilicho karibu sawa mbele na nyuma.

Muuzaji alikuwa mtu wa maneno. Alizungumza nami tu, juu ya mwendo na juu ya sauti ya ekzosi, wala hakumgeukia mke wangu hata kidogo. Mke wangu alimwomba kijana wa pale aishike mashine isimame wima, akapanda, akakaa. Akakaa robo saa nzima. Muuzaji akaanza kutazama saa yake. Mwenzangu alikuwa muuguzi kabla ya kustaafu, na magoti yake yamechoka kwa kusimama wodini. Basi alikuwa anayasikiliza magoti yake. Vikanyagio vikiwa juu mno, goti hukunjwa kama la mtu aliyechuchumaa, na baada ya saa moja damu haipiti vizuri. Vya mashine hii viko chini kiasi. Kisha akatafuta mahali pa kushika, akaona chuma imara kila upande wa kiti. Akatazama ekzosi kama iko mbali na mguu. Wasomaji wengi wamekwisha kuona kovu la duara katika mguu wa mtu aliyepanda pikipiki ya kukodi, kwa hiyo sina haja ya kueleza. Aliposhuka alisema, “Hii.” Mimi nilikuwa sijakaa juu yake bado.

Nilipokaa niliona kasoro yake. Kiti kiko juu, sentimita 84 toka chini, nami si mtu mrefu; nilifika kwa ncha za viatu. Lakini mke wangu alipopanda nyuma springi zilishuka, na nyayo zangu zikapata nchi. Kasoro nyingine ni kwamba haina kiki ya kuwashia. Betri ikifa utasukuma. Na vipuri vya injini haviko Morogoro, huagizwa. Juu ya hilo nilifikiri siku tatu. Lililonipa moyo ni tairi. Gurudumu la mbele ni la inchi 21, kama la Yamaha DT 125 ambazo maofisa wa afya na kilimo wamezipanda miaka mingi vijijini, hivyo tyubu yake si kitu cha ajabu huko tuendako. Kitu kinachoharibika mara nyingi safarini ni tairi, wala si pistoni.

Mtu anayetaka kununua mashine ya namna yoyote na asisahau kutazama kibao au kitabu chake. Humo mna uzito wa mwisho ambao magurudumu yaruhusiwa kuchukua. Toa uzito wa mashine ikiwa na petroli, na kinachobaki ndicho mnachoruhusiwa nyinyi wawili, nguo zenu, na zawadi za wakwe. Zawadi za wakwe hasa ndizo zinazovunja springi.

Kabla ya safari tulifanya matengenezo machache. Fundi wa makochi aliongeza sponji katika kiti cha nyuma na kukipanua vidole viwili kila upande, kwa ghrama ambayo haikufika bei ya viatu. Nyuma yake nikafunga sanduku la bati lililoshonewa mto, ili mwenzangu apate pa kuegemea. Katika sanduku hilo tulitia vitu vyepesi tu, nguo na mashuka. Spana, pampu, tyubu na chupa ya oili nilivifunga chini, karibu na injini. Mzigo mzito ukiwekwa juu na nyuma kabisa huinua gurudumu la mbele, na usukani huwa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto. Nikakaza springi ya nyuma, nikaongeza upepo katika tairi la nyuma kama kitabu kinavyosema kwa watu wawili, kisha jioni nikashusha taa ya mbele, kwa kuwa nyuma inapolemewa taa huelekea angani na kuwapofusha wenzako.

Lilibaki jambo la mavazi. Mama wengi wa makamo hukaa upande juu ya pikipiki, miguu yote kushoto, kwa heshima. Kwa safari fupi mjini wengine huponea. Kwa barabara kuu ni hatari tupu, kwa kuwa mtu aliyekaa hivyo hawezi kujizuia breki zikishikwa ghafula, na ncha ya kitenge ikiingia katika cheni au katika sipoku haitoki bila kumtoa na mtu. Mke wangu alivaa suruali nzito na buti, na kitenge akakitia sandukuni avae tukifika. Jirani mmoja alisema ni aibu kwa mama wa heshima. Akajibiwa kuwa aibu ni kurudishwa nyumbani kwa machela. Kofia ngumu tulinunua mbili zilizo sawa kwa ubora. Nasema hivi kwa sababu nimeona mara nyingi dereva ana kofia nzuri yenye kioo na mkewe amevaa ganda jepesi lisilo na kamba.

Tuliondoka Morogoro saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kukicha ndipo safari ya pikipiki huanza, na jua likikaribia kuzama ndipo huisha. Sheria hiyo tulijiwekea wenyewe. Tena tulipatana ishara, kwa maana chini ya kofia na katika upepo maneno hayasikiki. Kugonga bega mara moja maana yake punguza mwendo. Mara mbili, simama. Kila baada ya saa moja hivi tulisimama tukatembea dakika kumi, hata kama hatujachoka.

Kupita Doma unaingia Mbuga ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964, na barabara kuu yapita katikati yake kilomita 50 hivi. Pikipiki haina mlango wala kioo. Mbuni wa mashine hii hakufikiria tembo. Tulikwenda polepole nyuma ya lori, nasi tukawaona punda milia, twiga wawili, na swala wasio na hesabu. Mahali fulani nikagongwa bega mara mbili. Mke wangu alikuwa amewaona tembo watano kushoto, nyuma ya majani makavu, ambao mimi, nikiwa natazama barabara, sikuwaona kabisa. Tulisimama mbali, injini ikiwaka, mpaka wote wakavuka. Mkubwa wao alitanua masikio kidogo kututazama. Sikupiga honi, wala mtu asipige.

Upepo wa malori ni somo jingine. Lori refu likija mbele yako kwa kasi hukusukuma kwanza, kisha hukuvuta. Ukiwa peke yako unainama juu ya tangi. Ukiwa na abiria, kifua chake kimesimama nyuma yako kama tanga la ngalawa. Dawa yake ni abiria kusogea karibu na dereva, kushika imara, na kutojaribu kumsaidia kwa kuvutia upande wa pili. Baada ya saa mbili mwenzangu alikuwa amekwisha kuzoea, na aliliona kila lori kabla yangu.

Baada ya mji wa Mikumi huja vilima vya Iyovi, kisha bonde la mibuyu kando ya Mto Ruaha Mkuu. Sina maneno ya kuisifu mibuyu ile. Iko maelfu, imesimama uchi mwezi wa Juni, mingine minene kuliko nyumba yangu. Katika basi mtu huiona kwa kipande. Huku unapita katikati yake bila paa, na jua la asubuhi liko nyuma yako. Ruaha Mbuyuni tulikunywa chai kando ya marundo ya vitunguu. Mke wangu alitaka kununua ndoo nzima. Nilimkumbusha juu ya kile kibao cha uzito, naye akanikumbusha kuwa bado nimebeba spana tatu za saizi moja. Tulinunua kilo mbili.

Wazee watakumbuka kuwa njia hii ilikuwa ya udongo. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta upande wa kusini, na mapipa yakaanza kupita hapa, mchana na usiku, katika matope na vumbi. Malori mengi yalilala mabondeni, na njia ikapewa jina la Kiingereza lenye maana ya mbio za Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikwisha mwaka 1968, na lami ikafuata. Nayafikiri hayo kila nipandapo Kitonga.

Kitonga ni ukuta. Barabara hujikunja juu ya korongo, upande mmoja mwamba na upande mwingine hewa, na malori hupanda kwa mwendo wa mtu atembeaye. Harufu ya breki zilizoungua hutoka kwa yale yanayoshuka. Hapa ndipo watu hupenda kuyapita malori katika kona, na ndipo wengi walipokufa. Sisi tulibaki nyuma ya lori la mbolea kwa gia ya kwanza na ya pili. Mashine haikulalamika, ila mshale wa joto ulipanda na feni ikaanza kulia. Mara mbili lori lilisimama kabisa. Kuondoka tena mlimani ukiwa na mtu nyuma kwataka ushike breki ya mguu, uachie klachi polepole mpaka mashine ianze kujivuta, ndipo uachie breki. Mguu wa kushoto tu ndio ulio chini wakati huo. Abiria asitikisike hata nyani akimjia, na nyani wako tele pale, wamezoea kutupiwa ndizi na wasafiri. Tulipofika juu nilisimama, nikatoa jasho chini ya kofia. Mwenzangu akaniuliza kama nimeyaona maua mekundu katika mwamba. Sikuwa nimeyaona.

Kupita Ilula na nyanya zake tulifika Iringa saa tisa. Barabara kuu hupita chini, Ipogolo, nawe hupanda kilima kuingia mjini. Tulilala huko. Jioni nilitia cheni mafuta, nikapima ulegevu wake nikiwa nimemkalisha mke wangu juu ya kiti, maana cheni huonekana sawa mashine ikiwa tupu, kisha hukaza ikilemewa na watu.

Siku ya pili ilikuwa ya baridi. Toka Mafinga misonobari ya Sao Hill huifuata barabara mwendo mrefu, na barabara hunyooka. Hapa ndipo niliposhukuru kwa farasi zile 53. Mabasi ya alfajiri yalikuwa yakituijia nyuma kwa kasi. Nilikwenda 80 pamoja na wenzangu, na lilipokuja basi lenye haraka zaidi nilikuwa na nguvu ya kusogea mbele hata mahali papana, kisha nikalipisha. Sikumbuki kwenda zaidi ya 95, wala hapakuwa na haja. Nguvu zile hazikuwa za mbio. Zilituwezesha kuchagua mahali pa kupitwa.

Makambako njia hugawanyika. Malori huendelea kwenda Tunduma, nawe ukigeuka kushoto unaachiwa barabara karibu peke yako. Lakini baridi! Kabla ya Njombe vidole vyangu havikuisikia klachi. Tulisimama, tukanywa uji wa moto, na kila mmoja akatia gazeti chini ya koti, juu ya kifua. Gazeti likisha kusomwa lafaa kazi hiyo pia, nami nawashauri wasomaji wasilitupe. Njombe ni mji wa viazi, maparachichi na chai, na watu wake huvaa makoti mchana kama sisi tuvaavyo shati. Injini nayo ilionja hewa ile nyepesi. Asubuhi haikutaka kushuka kwenye mwendo wa polepole bila kuzimika, lakini ilipopata moto ilitulia.

Toka Njombe hata Songea ni kilomita zaidi ya 230 za kona. Kwangu sehemu hii ndiyo tamu kuliko zote, hasa vilima vya Lukumburu, ambako barabara iliyowekwa lami miaka ya 1980 hupanda na kushuka kama kamba iliyotupwa. Katika kona pikipiki hulala, na abiria alale nayo. Abiria mwenye hofu hukaa wima, na mashine hukataa kugeuka. Mke wangu alinipa siri yake: kona ya kushoto yeye hutazama juu ya bega langu la kushoto, na ya kulia juu ya bega la kulia, na mwili hufuata wenyewe.

Karibu na Madaba gurudumu la mbele lilianza kuyumba. Msumari. Tulikuwa kilomita mbili toka kijijini, nikajaza upepo kwa pampu mara tatu mpaka tukafika, mimi nikiendesha polepole na mwenzangu akitembea. Fundi alikuwa kijana mwenye meza moja na beseni la maji. Aliitazama Transalp pande zote, akasema mashine kama hii hajaifungua bado. Kisha akaliona gurudumu la mbele, akacheka, akasema hili alijua, ni la pikipiki ya bwana shamba. Tyubu yetu alikuta imechanika, lakini tulikuwa na nyingine, na ile ya akiba tulipoitumia tuliweza kununua tena ya inchi 21 kwake mwenyewe.

Tuliingia Songea saa kumi na moja, jua likiwa bado linaiangaza milima ya Matogoro, ambako Mto Ruvuma huanza. Kabla ya kufika kwa mama mkubwa mke wangu alibadili nguo nyuma ya kibanda cha mama lishe, akavaa kitenge chake. Mzee yule alimshika mikono akamwuliza kama amekuja na basi la usiku, maana amezoea kumwona akifika mgonjwa na kulala siku nzima. Safari hii mgeni alikwenda jikoni akasonga ugali. Mimi ndiye niliyelala.

Tulikaa siku tisa. Tulikwenda Makumbusho ya Maji Maji, walipo mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, akiwamo Nduna Songea Mbano. Nikapiga pia hesabu ya petroli: kwa kilomita 770 hivi tulitumia lita 37, yaani kilomita kama 21 kwa kila lita. Boxer ingetumia nusu ya hizo.

Sasa lami inafika hata Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, kwa njia ya Mbinga, na mke wangu amekwisha kuuliza kutoka huko mpaka Songea ni saa ngapi. Nimemwambia kwanza tubadili tairi la nyuma, ambalo limekwisha katikati. Amesema ataongeza sponji kidogo tena upande wa kulia.